Nyamizi na Ngoma ya Kukaa

Ngusa alisimama katikati ya uwanja wa ngoma, akapuliza filimbi watu wanyamaze, akasema kwamba Nyamizi, mjane wa kaka yake, aliwauzia wapinzani dawa za ngoma za kundi lao, na kwamba ndiyo sababu amepooza. Aliyasema hayo Nyamizi akiwa amelala kwenye mkeka kwa mganga, mkono na mguu wa kulia vimekufa, ulimi umekuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Hakuwepo kujisikilizia, na hata angekuwepo asingeweza kujibu. Huo ndio ubaya aliotendewa. Uwanja mzima uliusikia, na hakuna aliyeinuka kusema hapana.

Huku Bukombe, mavuno yakishaingia ghalani, ndipo ngoma zinapoanza. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo. Hakuna mwamuzi anayekaa mezani. Watu huamua kwa miguu. Wakiona upande wa pili umenoga, wanahama, na manju aliyebaki akiwaimbia wajomba zake watatu ameshindwa. Kwa hiyo kila manju hujigamba kwamba ana dawa za kuvuta watu na kulinda wachezaji wake, na mchezaji akiugua msimu wa ngoma, husemwa amepigwa na upande wa pili.

Ngusa alikuwa manju wa mabega. Akitikisa mabega, wasichana walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Lakini maneno hayakuwa yake. Kundi la pili likirusha kejeli, Ngusa alipuliza filimbi kama anayetafakari, na nyuma yake Nyamizi alikwisha kuimba jibu. Miaka yote watu walitoka uwanjani wakisema, "Ngusa leo kawamaliza!" Nyamizi alisikia, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kupika.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia ana presha, ameze vidonge kila siku. Alivimeza siku ambazo kichwa kilimuuma. Siku kisipouma alivihifadhi kwenye kopo, aliona si vizuri kuharibu dawa kwa mtu asiyeumwa. Mwezi wa saba, jua la saa nane, akiwa katikati ya jibu, mguu wa kulia ulimtoka kama si wake, akaanguka na wimbo mdomoni.

"Kapigwa!" Ngusa alipaza sauti. "Msimpeleke hospitali! Aliyepigwa ngomani akichomwa sindano anafia hapo hapo!"

Watu waliamini. Wangeachaje kuamini, na ndivyo walivyoambiwa tangu wanazaliwa? Wakambeba hadi kwa mganga wa kundi. Huko alifukizwa, akachanjwa, akapakwa majani. Siku zikaenda, mkono haukuinuka. Sasa Ngusa akawa na taabu yake mwenyewe. Alikuwa amejitapa msimu mzima kwamba kinga yake haipenyeki. Kama haipenyeki, mbona imepenyeka? Palihitajika mtu wa kubeba aibu hiyo, na mtu mwenyewe alikuwepo, amelala, hana ulimi. Ndipo alipopuliza ile filimbi.

Aliyemtoa Nyamizi kwenye ule mkeka ni mwanawe, Monika, ambaye huuza chakula Katoro kwa wachimbaji na wapakiaji wa malori. Habari zilimfikia zikiwa zimechelewa na zimepinda: mama yako ana malaria, mama yako anaendelea vizuri. Alipofika na kuona mdomo wa mama yake umekwenda upande, hakukaa hata kunywa maji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alijibu Ngusa.

"Mama namchukua."

"Ukimchukua akafia njiani, usije ukanililia."

"Nikilia, nitalia kwa wenye masikio."

Akakodi gari, wakapita Kahama, wakaenda hadi Kolandoto, ambako shangazi yake anaishi jirani na hospitali ya misheni. Nyamizi njia nzima alikuwa akiingoja sindano ya kumuua. Alichomwa ya kwanza, akafumba macho. Alipoyafumbua, dari ilikuwa palepale, na Monika alikuwa amekaa kitandani akila mchembe, kipande cha kiazi kilichokaushwa. Nyamizi alilia, na mwanawe alidhani ni maumivu.

Daktari alisema ni presha iliyopanda hadi kichwani. Wangemleta mapema ingekuwa vizuri zaidi, lakini hata sasa si bure. Kisha akaja mtu wa mazoezi ya viungo, Abdul, mwenye asili ya pwani na maneno mengi. Alimfundisha kufumbua ngumi, kuinua kiwiko, kupiga kisigino chini, kuhama tako hadi tako akiwa ameketi.

"Mama, mwili umesahau kwao," alimwambia. "Tunaurudisha polepole, kila siku, asubuhi na jioni. Usichoke kabla yake."

Walirudi nyumbani. Monika aliliacha banda lake la chakula kwa rafiki yake, Zuhra, akakaa na mama yake. Zuhra hakuuliza ni mpaka lini. Kila Nyamizi anapowaombea watu, huanza na hao wawili, mmoja aliyekaa na mmoja aliyemwezesha mwenzake kukaa.

Lakini mazoezi yalikuwa mateso. Monika alihesabu, moja, mbili, tatu, na Nyamizi, aliyewahi kuchezesha uwanja mzima, akajiona kama mtoto anayefundishwa kupiga makofi. Maneno aliyobaki nayo ni mawili, "basi" na "eeh". Kila alipotaka kusema jambo, lilikuja mpaka kwenye meno likageuka "basi". Nje, majirani walipita mbele ya nyumba wakiharakisha kama waliosahau chungu motoni. Walioamini maneno ya Ngusa walimwogopa, na wasioyaamini walimwogopa Ngusa. Kilichomuuma Nyamizi kuliko mguu ni kwamba hakuwa na mdomo wa kuwaambia sikuuza kitu. Alijua atazikwa na jina lile. Mwisho akaugeuzia ukuta uso, mazoezi akaacha.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, mlangoni palisikika sauti nene.

"Hodi humu!"

"Karibu. Shikamoo, mama," alisema Monika, halafu akaganda. Alikuwa Hosiana, manju wa kundi la wapinzani, yule yule ambaye Ngusa alidai alinunua dawa na kumpiga Nyamizi kwazo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mtu niliyemuua."

Akaingia bila kungoja kigoda, mwanamke mpana, na kitenge chake cha kwaya. Akamtazama Nyamizi kitandani.

"Mbona anapumua? Kumbe mimi mchawi mbovu namna hii!"

Nusu ya uso wa Nyamizi ilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke, na Monika hakujua acheke au amfukuze mgeni.

Hosiana akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama Monika, unajua hata mimi hawanunui dengu zangu mnadani? Wanasema zina dawa. Mimi na wewe tumeoshwa kwa maji machafu ya beseni moja. Haya, nijibu. Miaka yote umenitukana uwanjani, leo kimya? Basi nimeshinda."

"Basi," alisema Nyamizi, na machozi yakaanza kumtoka, maana hakutaka kusema hivyo.

Hosiana aliona. Labda alitaka kumchangamsha tu. Akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, akaimba kwa Kisukuma ile kejeli yake ya zamani:

"Ngoma yenu inanuka moshi,
mmesonga ugali bila maji!"

Na Nyamizi, ambaye miezi yote hiyo hakuweza hata kuomba chumvi, akafungua mdomo uliopinda, akaimba:

"Maji tunayo, tumeyaacha mtungini,
tuliwaona mnakuja na kiu!"

Yote, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Monika aliangusha sufuria. Hosiana aliacha kupiga goti, akashika kichwa.

"Rudia," alisema.

Nyamizi akarudia. Akajaribu kusema maneno yaleyale bila kuimba, ikatoka "basi". Akaimba tena, yakatoka yote. Walikaa pale watatu wakiimbiana matusi ya miaka iliyopita hadi mboga ikaungua, na Hosiana akila mboga iliyoungua akasema, "Kesho njoo kwangu. Tutacheza wigashe."

Wigashe ni ngoma ya kukaa. Ni ya vijana. Wasichana na wavulana hukaa kwenye vigoda vilivyopangwa mstari, wakacheza kwa mabega, mikono, shingo na kiuno, miguu ikigonga chini bila mtu kuinuka. Mtu mzima hachezi wigashe, labda amelewa. Lakini Hosiana alikuwa amemsikia Monika akieleza mazoezi ya hospitali, kiwiko juu, kisigino chini, tako hadi tako, akasema, "Mbona hiyo ni wigashe iliyonyimwa wimbo?"

Nyamizi alitikisa kichwa. Alijikaza hadi jasho likamtoka. "Wa... wata... sema."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mtu wa kundi moja haendi kukaa ngomani kwa kundi la pili. Akionekana kwa Hosiana, Ngusa atawaambia watu, si mnaona? Ni kama kuweka dole gumba chini ya uongo wake.

"Walishasema," alijibu Hosiana. "Unataka waendelee kukusema umelala au umekaa?"

Usiku ule ulikuwa mrefu kwa Nyamizi. Akikaa nyumbani jina lake litabaki chafu lakini halitaongezewa tope. Akienda, huenda akaupata ulimi wa kujisafishia, au akaukosa na tope likaongezeka. Asubuhi alimgusa Monika begani, akanyoosha kidole mlangoni.

Walianza wanne kwenye baraza ya ghala la Hosiana. Nyamizi aliwekwa katikati ya benchi. Hosiana aliufunga mkono wake uliokufa kwa kanga kwenye mkono mzima wa jirani yake, ili ule mmoja ukipanda upande na mwenzake. Mwanzoni ulipanda kama maiti inayobebwa. Lakini ngoma ilipigwa, mabega yakaenda kulia, yakaenda kushoto, na mwili wa Nyamizi, ambao ulikataa kuhesabiwa moja mbili tatu, haukukataa ngoma. Uliikumbuka kabla yake yeye mwenyewe.

Hosiana alikuwa na sheria moja. Ngoma haigongwi mpaka kila mwenye presha aseme amemeza kidonge.

"Umemeza?"

"Nitameza nikirudi."

"Basi rudi sasa hivi, sisi tunakungoja hapa na aibu yako."

Walicheka, lakini walimeza. Taratibu watu wakaongezeka. Akaja mwanamke aliyerudi kutoka machimboni, mgongo umekatika kwa kuponda mawe ya dhahabu miaka nenda rudi. Wakaja wajane ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuonekana, ila nyumba zao zilikuwa kimya mno. Mzee Gelasius, katekista mstaafu, alikuja na magoti yaliyovimba na kigoda chake kwapani.

"Mzee Gelasius, wigashe ni ya wanaotafuta wachumba," alitaniwa.

"Na mimi natafuta."

"Mkeo yuko nyuma yako!"

"Ndiye ninayemtafuta. Tangu magoti yaniume amenisahau."

Nyamizi alicheka hadi akaegemea jirani. Aligundua kwamba ameegemea upande wa kulia, na upande wa kulia umemshika.

Maneno yalirudi kwa mlango wa uani. Yalikuja kwanza na wimbo. Ikawa Monika jikoni anaagizwa kwa nyimbo: chumvi inaimbwa, maji ya kuoga yanaimbwa, hata kugombezwa kwa kuunguza wali kuliimbwa, tena kwa kiitikio. Baadaye wimbo ukaanza kupungua, ukawa mdundo wa kidole juu ya paja, na neno likafuata lenyewe. Siku alipomwambia mwanawe, bila wimbo, "Rudi Katoro, Zuhra amechoka," Monika alikwenda nyuma ya nyumba, akajifanya anaanua nguo.

Waliporudi Kolandoto kupimwa, Abdul alimwomba amwonyeshe alivyofanya mazoezi. Nyamizi akaketi kwenye benchi la ukumbini, akaanza kuimba na mabega yakamfuata. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mzee mmoja mwenye fimbo akaanza kugonga kisigino.

"Mama, wewe umenipita," alisema Abdul akipiga makofi. "Endeleeni hivyo hivyo. Ila vidonge, tafadhali, hata mwili ukijisikia bwana harusi."

"Hosiana hatuachi," alijibu Nyamizi. Abdul hakujua Hosiana ni nani, lakini aliona mwenye jina hilo anatajwa kama watu wanavyotaja mvua iliyokuja kwa wakati.

Mavuno yakaingia tena. Siku ya mashindano, Hosiana alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na kundi la watu wazima. Alipeleka mabenchi katikati ya uwanja. Waliokaa walikuwa wajane, mwanamke wa mgongo, mzee Gelasius, na katikati yao Nyamizi, amevaa kanga mpya aliyoletewa na Zuhra. Watu walipomwona walinong'ona. Alisikia wazi, "Si unaona? Ni kweli aliuza."

Upande wa pili Ngusa alitikisa mabega, umati ukashangilia. Kisha akapuliza filimbi.

"Wapinzani wameishiwa!" alipaza sauti. "Wametuletea wagonjwa! Si mlete na vitanda?"

Uwanja ulivunjika mbavu. Hosiana alimtazama Nyamizi. Nyamizi alihisi ulimi unataka kulala kama zamani. Akagonga kisigino cha kulia chini, kile kilichokuwa kimekufa, kikagonga. Akagonga tena, ngoma ikamdaka, mabega ya benchi zima yakaenda pamoja, na sauti yake ikatoka, si nzuri kama ya zamani, imekwaruza, lakini ni yake:

"Kitanda nilikiacha kwa mganga wako, shemeji,
ulinilaza, ukafunga mlango.
Sikuuza dawa, presha ndiyo iliyonibwaga.
Wewe mzima, nani amekuziba mdomo?"

Kicheko kilikatika. Watu walimtazama Ngusa wakingoja jibu, maana ndiyo desturi, ukirushiwa lazima urudishe. Ngusa alipuliza filimbi. Akatikisa mabega. Akapuliza tena. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumpa neno. Mdomo uliokuwa ukimjibia miaka yote ulikuwa umekaa kwenye benchi ng'ambo ya uwanja.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alikuwa wa kwanza kuvuka. Halafu wawili, halafu vumbi lilitimka, kundi kwa kundi. Wazee waliomba nafasi kwenye mabenchi, na waliokosa walikaa chini, wakacheza na mabega yao. Nyamizi aliinua mkono wa kulia. Ulifika begani, ukagoma hapo. Hosiana alimshika kwapa, Nyamizi akainuka, akasimama kwa miguu yake miwili mbele ya watu walewale walioambiwa yeye ni msaliti.

"Wabeja," aliwaambia. Asanteni. Hakuwa na la kuongeza, na hilo halikuwa jambo la ulimi.

Siku zilizofuata majirani walianza kubisha hodi. Wengine walileta michembe, wengine walileta magoti na migongo yao kwenye baraza ya ghala. Nyamizi aliwakaribisha wote. Anapotembea anaburuta mguu kidogo, na kijiko hukishika kwa kushoto. Haoni kwamba Mungu amemnyima. Akiamka humshukuru kwa ajili ya Monika, kwa ajili ya Zuhra, kwa ajili ya Abdul na maneno yake mengi, na kwa ajili ya Hosiana humshukuru mara mbili, maana huyo alikuja akiwa na sababu zote za kutokuja.

Ngusa hakuja. Alimtuma mkewe, Salome, na jogoo mwekundu.

"Shemeji yako anakusalimu," alisema Salome, macho chini. "Anasema yaliyopita yaishe."

"Mwambie salamu zimefika. Jogoo nimempokea, na wewe nakushukuru kwa miguu yako," alisema Nyamizi. "Lakini yale maneno ya dawa hakunisemea nyumbani, hakuyatuma kwa mke, wala hakuyafungia kamba miguuni kama kuku. Aliyasemea uwanjani."

Salome aliitikia kwa kichwa, akaaga.

Kwa hiyo deni liko wazi. Ngusa anadaiwa asimame uwanjani, mchana, apulize filimbi watu wanyamaze, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Nyamizi hakuuza kitu. Kisha amgeukie Hosiana, ambaye dengu zake zilirudi nyumbani na magunia yake mnada baada ya mnada, aseme kwamba naye hakumpiga mtu. La Nyamizi linaweza kusubiri hadi msimu ujao. La Hosiana limekwisha kuchelewa.